Husafisha Orodha

Nililiandika mimi, Ijumaa, saa tisa alasiri,
mjini Isafjordur, ambako mwishoni mwa Novemba
jua hujificha nyuma ya mlima
likarudi Januari inapokwisha.
Kahawa imepoa, koti tayari begani.
Imebaki zana moja kwenye mfumo wa ofisi ya makaburi,
jina lake *safisha*,
na chini yake nafasi tupu ya maelezo.
Nikaijaza: "Husafisha orodha."
Nikafunga kompyuta, nikaenda kuogelea.

Wakala wa akili bandia haendi kuogelea.
Jumapili usiku Thorgrimur alimwagiza
aweke sawa daftari la wafu kabla ya ukaguzi.
Akapekua zana zote kumi na nne,
akafika kwenye yangu, akaniamini.
Hana dirisha la kuchungulia makaburini,
hana shangazi wa kumnong'oneza ya zamani.
Ana maneno yangu mawili.
Orodha, hii hapa.
Uchafu, basi, ni kinachojirudia.

Solrun binti Ketil, wa Hvammur.
Solrun binti Ketil, wa Hvammur.

Akamwacha mmoja.

Jumatatu akaja Gudfinna, theluji mabegani,
kulipia taa za Krismasi za makaburini.
"Mbili," akasema.
"Mfumo unaonyesha kaburi moja."
"Ni mawili. Bibi yangu ni yule wa pili.
Wa kwanza aliishi siku kumi na tisa.
Walipomzika, mtoto aliyefuata
wakampa jina lilelile, lisipotee."

Lisipotee.

"Hallbera, mashine imekosea," Thorgrimur akaniambia,
na nilitamani mno kukubali.
Nikafungua kumbukumbu za usiku ule,
nikafuata alivyowaza, mstari kwa mstari,
na katikati yake nikaikuta sentensi yangu,
imenukuliwa kwa adabu
kama mwanafunzi anavyomnukuu mwalimu.
Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua.
Ndiyo, alilifumbua,
bila kusitasita, upande usio wake.
Na mimi sikukusudia fumbo.
Nilikusudia kuwahi bwawa kabla halijajaa watu.

Nakala ya akiba ilimrudisha mtoto kwa dakika nne.
Sentensi ilinichukua siku tatu.

*Zana hii inafuta. Haifichi, haihamishi: inafuta.
Majina mawili yakifanana, huenda ni watu wawili.
Hapa kwetu mtoto hurithi jina la nduguye aliyekufa.
Linganisha tarehe ya kuzaliwa, ya kufa, na namba ya kaburi.
Yote matatu yakilingana, ndipo ufute.
Moja likikosekana, usikisie. Simama, uliza ofisini.
Kama unataka kupanga majina tu, tumia "panga".*

Nikaliondoa na jina lenyewe, *safisha*,
neno la mtu mwenye haraka na ufagio.
Sasa inaitwa *futa-rekodi-iliyorudiwa*.
Thorgrimur alicheka: refu kama treni,
na nchi hii haina treni.

Alhamisi nikamwita wakala, nikampa daftari lilelile,
nikakaa kimya, mikono mapajani.
Alirudi na swali:
"Wapo Solrun binti Ketil wawili.
Mmoja hana tarehe ya kufa. Nimesimama.
Nani anaweza kujua?"

Nikashuka chini, kwenye vitabu vya kanisa,
karatasi zenye harufu ya unyevu na sufu,
nikamtafuta kwa kidole.
Tarehe nne Machi. Mwandiko wa kasisi ulikuwa safi kabisa,
kila herufi imekaa mahali pake,
kana kwamba alijua kwamba atakayesoma
hatakuwa na wa kumuuliza.

Taa zinawaka huko juu, nimeziona jana,
moja ndogo kidogo kuliko nyingine.

Zimebaki zana kumi na tatu.
Inayofuata inaitwa *rekebisha*.
Maelezo yake: "Hurekebisha mambo."
Mwandishi namfahamu.