Herufi Arobaini

Fomu namba saba ina kisanduku mwishoni:
"Sababu za kukataliwa." Herufi arobaini tu,
na nafasi zinahesabiwa.
Ndiyo kazi yangu hapa tawi la Newala,
kumkunja mtu mzima mpaka aenee humo.

Somoe Mkwanda, miaka arobaini na sita,
mbanguaji, mtaa wa nyuma ya ghala.
Anaomba milioni kumi na nane:
tanuri la mvuke, mashine sita za kukatia,
na za kununulia korosho msimu ukifunguliwa,
kabla meli hazijazibeba na maganda yake
zikabanguliwe na vidole vya watu wengine.

Nilikwenda kukagua. Ndivyo utaratibu ulivyo.
Ukungu ulikuwa haujateremka bondeni.
Wanawake kumi na mmoja juu ya vigoda,
majivu viganjani, maana mafuta ya ganda
hayana adabu, yanakula ngozi.
Mmoja akanipa mkono.
Ncha za vidole laini kama sahani,
hazina mstari hata mmoja.
Nikaikumbuka mashine yetu mpya ya dole gumba.

Nikapiga picha nyumba: vyumba vitatu, bati,
saruji imeishia dirishani.
Hati? Barua ya mtendaji, muhuri umefifia.
Nikapiga picha mikorosho, mia na minne,
ya mama yake, na ya mama wa mama yake;
huku kwetu shamba hufuata tumbo.
Mfumo una sehemu ya gari. Una sehemu ya friji.
Mkorosho hauna sehemu.

Jioni ile makao makuu wakatuma taarifa:
robo ya mwaka imekwenda vizuri, hongereni nyote.
Niliisoma mpaka chini, kwa kidole.
Hati fungani za serikali, mnara.
Mikopo ya wenye viwanda vidogo, mswaki.
Sishangai. Serikali haiugui, haiachwi na mume,
mvua ya Agosti haiangushi maua yake.
Ningekuwa benki na mimi ningelala huko.
Ila mimi si benki, nimevaa tu tai yake.

Somoe alikuja Jumatatu. Akakaa. Hakulia.
"Novemba nililipwa za mnadani,
nikazileta hapa, milioni mbili na laki tatu.
Wewe ndiye uliyepokea.
Mbona mimi nilipowakopesha nyie
sikuwadai dhamana?"

Jibu lipo. Tulifundishwa Dar, siku tatu, na chai.
Likanikaa kooni kama kaka la yai.

Sokoni yuko bwana mmoja, simtaji,
ana bakuli la bluu na daftari la shule.
Anakupa hela mwezi wa sita, ya ada, ya matanga,
haulizi hati, haulizi hata jina la ukoo.
Oktoba anakuja kupima chake,
na bakuli lile ukilijaza halijai.
Polisi wameshamkamata mara mbili.
Mara zote mbili waliomwekea dhamana
ni wadeni wake.

Somoe alipotoka nilimfuata kwa macho.
Akasimama pale njia zinapoachana,
kulia kwake, kushoto sokoni,
akarekebisha kanga.
Mteja mwingine akaketi mbele yangu, akauliza kalamu.
Sikuona alikoelekea.

Jioni nikafungua fomu namba saba.
Nikaandika: Benki inamwamini anayeweka, haimwamini a
na mfumo ukakatia hapo.
Nikafuta.
Nikaandika tulichozoea: Dhamana haitoshi.
Herufi kumi na saba, nafasi na nukta vikiwemo.
Zikabaki ishirini na tatu, tupu,
ungeweza kupangisha mtu.