Njuga Mlangoni

Mjukuu wangu alimleta kwa basi,
ndani ya boksi la biskuti lililotobolewa kwa msumari.
"Bibi, ni wa aina ndogo, haongezeki zaidi ya hapo."
Nikamtazama: kiganja na nusu, masikio kama vitambaa,
rangi ya karanga iliyosahauliwa kidogo kikaangoni.
Basi, Karanga.

Mjukuu akarudi chuoni.
Kibofu kisichozidi kizibo cha soda
kikabaki nami hapa Nkuhungu,
sakafuni, mkekani,
mara moja ndani ya kiatu cha kanisani.

Nikapigiwa simu: mfundishe kuomba.
Funga kengele mlangoni, kila mkitoka aiguse kwa mguu.
Kengele sina. Ninazo njuga za shangazi,
alizochezea mavuno ya uwele miguu yake ilipokuwa miguu,
zimelala sandukuni na harufu ya samli.
Nikafunga tatu kwa kamba ya katani, usawa wa pua yake.

Siku mbili tu, akaelewa.
Laiti angechelewa!

Cheke cheke. Twende. Ananusa upepo, basi.
Cheke cheke. Twende. Mjusi amepita ukutani,
na lazima tujue amekwenda wapi.
Cheke cheke. Ugali uko motoni, mwiko mkononi,
twende na mwiko.
Cheke cheke. Tumerudi sasa hivi, wewe!
Twende.

Nilikuwa karani wa masjala miaka thelathini na mmoja,
jambo lisiloandikwa kwangu halijatokea.
Nikapiga mistari kwenye daftari la shule:
Jumatatu, kutoka nje, mara ishirini na mbili.
Haja ndogo, tano. Haja kubwa, mbili.
Mengineyo, kumi na tano.

Mama Ndahani ameegemea ua wa minyaa, anachambua mlenda:
"Jirani, siku hizi mbwa ndiye anakutuma?"
"Ananituma."
"Na ukifika huko nje, anakulipa?"

Saa tisa usiku. Julai.
Upepo unaingia hata kwenye tundu la kitasa,
na njuga hazina huruma.
Kanga mbili, sweta la marehemu, kandambili zisizofanana.
Karanga anaketi kwenye udongo mwekundu,
pua juu, kama anasoma tangazo.
Mbali huko treni inapiga honi.
Tangu nimzike mume wangu, miaka sita,
jua likizama nilikuwa natia komeo mbili,
sikujua kama mwezi hukawia vile juu ya paa la Mama Ndahani.

Tochi inamulika toka ghala la alizeti.
Sakalani, mlinzi, koti hadi magotini:
"Zamu yako tena, Mama?"
"Zamu yangu."
"Umeona nini?"
"Hakuna kitu."
"Hata mimi. Ndiyo kazi yenyewe."

Tukarudi ndani, miguu imekufa ganzi.
Karanga akaufuata mkeka, akachuchumaa,
akanitazama machoni,
akakojoa.

Nikasema yatosha.
Nikazipandisha njuga juu, kwenye msumari wa kalenda,
nikalala usingizi wa watu.
Asubuhi nikachota maji, nikafagia, nikachagua mchele,
hakuna aliyenituma popote.
Nyumba kimya, kama ofisi siku ya sikukuu.

Nikamkuta mlangoni.
Halii, hakwaruzi.
Ameketi chini ya zile njuga, shingo ameinua,
anazitazama kama mtu anayesubiri namba yake iitwe dirishani.
Nikawakumbuka wengi waliowahi kuniketia hivyo,
nami nina muhuri mezani,
nikawaambia rudini kesho.

Nikapanda kigoda, nikazishusha.
Cheke cheke, kabla sijafunga hata fundo.
Tukasimama nje. Upepo. Mjusi. Moshi wa jirani.
Haja, hakuna.

Nimeandika kwenye daftari:
Mengineyo, moja.