Kitanda Kilichokatwa

Fundi Masaka alipima chumba kwa hatua zake,
akakitazama kitanda, akanitazama mimi,
kisha akashika msumeno.
Futi sita zikawa tano na nusu.
"Miguu utaikunja," akasema. "Dodoma sasa ni jiji."

Nilianzia Chang'ombe, elfu thelathini, umeme wa kuchangia.
Wakaja watumishi na mabegi yao ya magurudumu;
dalali akapiga hodi kabla ya jogoo.
Nikasogea Nkuhungu.
Lami ikanifuata hukohuko, kodi imepanda mgongoni mwake.
Sasa niko Nala.
Upepo unaingia bila kubisha,
vumbi linanitangulia kwenye ugali,
maji ni mia tano ndoo,
siku boza likiikumbuka njia.

Mama Mbeleje, mwenye nyumba, anataka miezi sita kwa mpigo.
Simchukii.
Shamba lake la uwele lilipimwa,
likapandwa vigingi vyenye namba,
na chumba hiki ndicho mavuno yaliyombakia.

Bibi yangu kule Chilonwa alikuwa na tembe.
Mgeni hakuulizwa miezi;
aliambiwa tu, mawingu yakianza kukusanyika,
apande juu asaidie kuongeza udongo.

Usiku nakunja miguu.
Vile vipande viwili vya mbao,
nusu futi kila kimoja,
sikuvitupa.
Kimoja kinashikilia dirisha lisipigwe na upepo.
Kingine nimekilaza chini ya godoro,
upande wa miguuni,
sijui kwa nini.