Niazime Mkono

Muhula wa kwanza, chumba cha mifupa, Bugando.
Mwalimu Kagaruki anagawa masanduku
kama mtu anayegawa karanga msibani:
wanafunzi wanne, sanduku moja.
La kwetu halina mkono wa kushoto.
"Waliowatangulia waliuazima," anasema. Hacheki.

Mia mbili na sita.
Bhoke anaimeza kama kwinini, macho kafumba:
femuri, tibia, fibula, patela.
Mimi kila jina nalipekua mifuko kwanza.
Patela, kitabu chasema, kwa Kilatini ni kisahani.
Sisi tuliiita pia ya goti,
na pia naijua, nimeizungusha
juu ya jiwe bapa, Mabatini, hadi kamba ikakatika.
Tibia kwao filimbi. Kwetu muundi,
ambao kila mwamba wa mlimani petu
umewahi kuubishia hodi.
Klavikula, wao waliona ufunguo mdogo.
Mtulinga. Litamke polepole.
Hapo ndipo mkanda wa begi la shule uliponichora
kabla sijajua kwamba pana jina.

Kilichoninyima usingizi ni kifundo cha mkono:
vifupa vinane, changarawe ndani ya soksi.
Usiku umeme ulipokatika
nikatunga, Bhoke akinimulikia kwa simu:

    Mtumbwi, mwezi kidogo, pembetatu na choroko,
    Meza kubwa, meza ndogo, kichwa, na ndoano iko,
    Nane hivi si mzigo, vimo kifundoni mwako,
    Vihesabu bila zogo, kuanzia gumba lako.

"Huo si mkono," Bhoke akasema, "huo ni mwalo wa Kirumba."
Kweli. Mtumbwi, ndoano,
na mwezi ukikonda namna ile
ndipo taa za dagaa hujaa ziwani.

Jumamosi nikashuka nyumbani.
Mama alikuwa kwenye karai lake la mapanki,
mifupa ya sangara ambayo kiwanda kimeichuna minofu
ikasafiri kwa ndege, ikatuachia uti na kichwa.
Anaipiga panga, anaikaanga, anaiuza kwa mafungu.
Mifupa imenilipia ada, sikuwahi kuliwaza hilo
mpaka siku hiyo, nimesimama na daftari.

"Mama, niazime mkono."
"Upi?"
"Wa kushoto. Wa chuo umepotea."

Akaupangusa kwa kanga, akanipa, ungali na mafuta.
Nikaanza: choroko, hii hapa, upande wa kidole cha mwisho.
Ndoano, ukibonyeza sana utaihisi.
Nikafika chini ya gumba, kwenye kile kibonde
ambacho vitabu hukiita kisanduku cha ugoro.
Nikabonyeza.

Aliunyakua mkono kama aliyegusa karai.

"Hapo pana baridi yake," akasema.
"Tangu lini?"
"Tangu uko mgongoni. Nilikuwa na ndoo,
mawe yamelowa, nikateleza.
Nikaona, nikianguka chali nitakulalia.
Nikatanguliza mkono."

Akageuza mapanki. Yalikuwa yanaanza kuungua.

Ukurasa ule naujua kwa moyo:
damu ya kifupa hiki huingia kwa mlango wa nyuma,
kikikatika kiunoni, nusu moja hubaki na njaa.
Niliupatia alama zote, wiki iliyopita,
nikachora na mshale, kwa kalamu nyekundu.

"Kwa hiyo kina jina?"
"Kina. Skafoidi."
"Sikafoidi." Akalionja, kama anayepima chumvi.
"Maana yake nini?"
"Mtumbwi."
Akanyamaza. Mteja akaja, akachukua mafungu mawili,
akataka nyongeza, akapewa kichwa.

"Miaka kumi na tisa," mama akasema,
"nakipaka vikisi kifupa cha watu,
nakiita baridi."

Jumanne nina nafasi, chumba cha picha, ghorofa ya chini.
Amekubali kuja.
Si asubuhi, amesema. Asubuhi kuna mapanki.