Jibu la Afande

Wito ulikuja kwa simu, si kwa karatasi.
Sauti ya kistaarabu kabisa: Jumatatu, saa mbili asubuhi,
kituo cha Chang'ombe, chumba namba nne, njoo na kitambulisho.
Sefu akasema "sawa mkubwa" mara tatu,
kisha akailaza simu juu ya unga.
Nilikuwa nakanda chapati.
Niliendelea kukanda.

Matairi arobaini na mawili hayamo ghalani
na funguo ni mbili: wa bosi, na wa mume wangu.
Kabla ya magharibi Mikoroshini nzima imeshajua.
Mama Shida akaleta bakuli la ubuyu,
yeye ambaye hata chumvi huazima kwetu,
akakaa, macho yakitembea ukutani.
Nikamwambia Sefu kasafiri, yuko Ifakara msibani,
na miguu ya Sefu inaonekana chini ya pazia.
Mama Shida akaipa pole miguu ile, akaondoka.

Jumamosi nilimfuata binamu yangu Tatu,
karani wa wakili mmoja pale Temeke.
Akaniandikia nyuma ya risiti ya luku:
*Ana haki ya kunyamaza.
Aombe wakili, au ndugu, awepo.
Asichokijua aseme sikijui, asikijazie.
Asisaini mstari ambao hajausoma,
hata afande akiangalia saa.*

Jumapili usiku watoto wamelala, umeme umekatika.
Nikavaa kofia yake ya kazini, nikakaa ng'ambo ya meza.
"Jina kamili?"
"Sefu Mwinjuma Pazi."
"Kaa vizuri, Sefu Mwinjuma Pazi, hapa si kwa mkeo."
Akacheka. Mara ya kwanza tangu Ijumaa.
"Ufunguo unalala wapi?"
"Kwenye msumari, nyuma ya mlango,
chini ya kanga ya mke wangu."
Sikuwa nimefikiri
kwamba kanga yangu nayo itatoa maelezo.
"Nani mwingine anajua?"
"Yeye tu."
Nikameza mate. Nikauliza la mlinzi, la daftari, la lori la Alhamisi.
Kisha: "Ulichukua?"

Halikuwemo kwenye risiti ya Tatu.
Lilinitoka lenyewe, kama kikohozi msikitini.
Taa ya chaji ilikuwa inafifia, uso wake nusu.
Mbwa wa gereji akabweka, akachoka, akaacha.
"Hapana, afande," akasema.

Afande.
Nikavua kofia. Nikawasha mkaa,
nikapiga pasi shati la bluu, kola mara mbili.

Kaunta walimvua mkanda, saa, kamba za viatu,
wakanikabidhi vyote ndani ya mfuko wa kaki.
Ndugu awepo, nilisema. Wakaniambia ndugu asubiri benchini.
Jirani yangu wa benchi alikuja kwa kesi ya bata,
alinisimulia habari za bata yule hadi saa saba;
Mungu amlipe.
Nilipompelekea wali, askari wa kike akasema, onja kwanza.
Nikaonja. Kijiko kimoja cha wali wa mume wangu,
nimesimama, naangaliwa shingo kama imemeza.
Ndio mlo tuliokula pamoja siku ile.

Saa kumi na robo akatoka, viatu vikimpwaya,
anaburuza kama mtoto aliyevaa vya baba yake.
Nikachutama palepale mbele ya kaunta, nikamfunga kamba.
Kidole gumba kilikuwa cheusi kwa wino.
"Nimesoma kila mstari," akasema juu ya kichwa changu.
"Walinuna. Nikasoma."
"Upelelezi bado," afande akasema. "Awe anaripoti."

Kesho ni Jumatatu ya tisa.
Benchi nalijua, upande wa dirisha lina msumari unaochana nguo.
Ghalani wameajiri mwingine. Mimi nauza chapati mara mbili ya zamani.
Nyuma ya mlango situndiki kitu.
Usiku huu, gizani, amegeuka upande wangu:
"Mbona hujaniuliza tena?"
Shati lake liko kwenye kiti, limeshapigwa pasi.
"Lala," nikamwambia. "Kesho tunawahi."