Maharage Kumi

Saa tatu kamili naegesha simu kwenye kopo la chumvi,
dirishani, pale pekee mtandao unapopita
ukitokea upande wa Kiwira kama mgeni asiyetaka kukaa.
Dada Zamaradi anatokea, koti jeupe, yuko Mbeya mjini.
"Baba Lugano, nionyeshe bega."
Nageuza simu. Namwonyesha dari.
"Bega, baba!" Wanacheka wote wawili,
yeye kwa mdomo mzima,
Subilaga kwa nusu.

Mkono huu wa kulia nauheshimu.
Miaka ishirini na sita ulichuma chai,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
ukafika mizani umelowa hadi kiwiko,
ukasomesha watoto wanne.
Mwezi wa pili, asubuhi, ulidondosha kikombe
wala haukujua kwamba umekidondosha.

Sasa kazi yake ni maharage kumi,
kutoka bakuli la bluu kwenda sahani ya bati.
Dada anahesabu. Mimi nahesabu. Vidole havihesabu.
Usiku navinyoosha kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa,
dole gumba mwisho, taratibu, bila kuvuta.
Jirani aliuliza, tangu lini simu ikakanda mkono?
Nikamwambia, anayekanda ni mimi,
simu inanizuia kukata tamaa kabla ya Ijumaa.

Jumanne mvua ilishuka Rungwe bila hodi.
Sura ya Dada ikaganda, mdomo wazi,
katikati ya neno "tena".
Nikaitikisa simu, nikaipandisha juu ya kichwa,
nikailaumu kampuni, nikalilaumu bando,
na nyuma yangu nikasikia: ti.

Harage moja, juu ya bati.

Sikugeuka haraka. Niliogopa kuutisha.
Subilaga alikuwa anautazama mkono ule
kama mtu anayemtazama mwanawe
aliyerudi kutoka machimboni Chunya
bila salamu, bila zawadi, amekonda,
amesimama tu mlangoni.

Mtandao uliporudi Dada aliuliza, "Tumefika ngapi?"
Nikafungua mdomo. Mwenzangu akanitangulia,
neno lake la kwanza nisilolitafsiri mimi:
"Mo... moja."
Kisha, kwa lugha ya mama yake, "Ndaga."
Dada hakuona kitu. Akaandika alichoambiwa.

Jioni nilitaka kuyarudisha kwenye ya kupika, yote kumi.
Akaiziba sahani kwa kiganja.
Cha kushoto, bado.