Kabla ya Alhamisi

Fundi kasema Alhamisi. Leo Jumatatu.
Kwenye simu sauti yake ilikuwa imepoa,
sauti ya mtu aliyekaa chumba chenye baridi:
"Mama Bracamonte, Yuma nzima inanililia,
nina majina thelathini na mawili mbele yako."

Nje nyuzi arobaini na saba.
Ndani thelathini na nane, na inapanda
kama bili.
Mama yangu, miaka tisini na moja,
kalala juu ya shuka niliyoilowesha kwenye sinki,
ananiuliza kwa Kihispania kama mkate umeiva.

Basi nikaanza na vya karibu.
Rimoti: nikaitilia betri za saa ya ukutani.
Saa ikasimama saa tisa kasorobo. Ikae.
Chujio: zito, la kijivu, kama paka aliyekufa;
nikalipigapiga ukutani, nikapiga chafya mara saba.
Swichi kuu: nikaizima, nikahesabu sitini, nikaiwasha.
Matundu ya dari yakapuliza,
nikainua mkono kama anayeomba mvua.
Hewa ya moto.
Pumzi ya ng'ombe aliye hoi.

Ndani kunapuliza, nje hakuvumi.
Hapo ndipo akili iliponigonga:
ugonjwa hauko mdomoni.
Uko nyuma ya nyumba, karibu na pipa la taka,
ndani ya lile sanduku la bati
ambalo Crescencio alikuwa akilisemesha.

Miaka kumi na tisa alilisemesha.
Kila Aprili alilivua koti, akaliosha mbavu kwa mpira wa maji,
akaniita dirishani, "Njoo uone, Ofelia."
Sikwenda. Nilikuwa na vyombo.

Sasa kaburi lake lina viangazi viwili
na mimi nimepiga magoti kwenye kokoto zinazounguza,
bisibisi yake mkononi,
mpini umelika kwa umbo la kiganja kisicho changu.

Nikakata kwanza umeme, pale kwenye kisanduku cha ukutani,
maana hilo ndilo neno lake moja nililolishika:
umeme hauna binamu.
Nikangoja. Skrubu nne.
Ya nne ilikuwa na kutu; ikanitukana, nikaitukana.
Kifuniko kikatoka, na upande wake wa ndani,
kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wake:
tarehe, tarehe, tarehe,
kapasita mpya, feni imetiwa mafuta,
na chini kabisa, kwa herufi kubwa,
OFELIA, TAZAMA SISIMIZI.

Nikatazama.
Kwenye swichi ile ndogo ya sumaku,
pale vidole viwili vya shaba hukutana
kila nyumba inapoomba baridi,
walikuwa wamebanwa, wameungua,
ukoko mweusi wa miili midogo.
Wa kwanza alipigwa. Wa pili akaja kumtazama.
Wa tatu akaja matangani,
mpaka matanga yakaziba njia.

Nikawasugua kwa mswaki wa zamani,
nikapitisha tupa ya kucha, polepole,
nikapuliza.
Nikafunga skrubu tatu. Ya nne sikuirudisha.
Nikawasha umeme, nikasimama mbali.

Kimya.
Dakika tano nzima za kimya
na mimi najisemea, umeua, umeua.
Kisha: tak.
Halafu mngurumo. Feni ikasitasita kama mtu aliyeamshwa, ikazunguka,
ikanitemea usoni joto lote la nyumba yangu,
na sijawahi kufurahia kutemewa namna ile.

Nilikaa pale hadi magoti yaliponikumbusha umri.
Sikumpigia fundi kumwambia asije.
Ukutani mstari mwembamba wa sisimizi
ulikuwa tayari unarudi, bila haraka.

Niliporudi ndani, Mama alikuwa amejikunyata.
"Zima hicho," akasema. "Nasikia baridi."
Nikampa blanketi.
Sikuzima.